Nani Anahitaji Gari Nyeri?

Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe kila mwaka kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake, kiasi kisichopungua shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Hoja ya waliouunga mkono ilikuwa nyepesi: mwenye gari ana uwezo, na mwenye uwezo achangie. Wapinzani walijibu kwamba siku za gari kuwa anasa zilipita zamani, na kwamba leo ni chombo cha kutafutia riziki. Kipengele hicho kiliondolewa tarehe 18 Juni, na wiki iliyofuata muswada mzima ukaanguka kwa msukumo wa maandamano ya vijana. Kodi ikazikwa pamoja na mjadala wake, na hapo tukapoteza nafasi nzuri ya kufikiri. Pande zote mbili zilizungumza juu ya gari kana kwamba ni la aina moja, la mtu wa aina moja, katika barabara ya aina moja. Probox inayobeba mitungi ya maziwa Mukurwe-ini alfajiri, na gari kubwa linaloshinda kutwa nzima kwenye maegesho ya Kimathi Way mjini Nyeri, yalitiwa kapu moja, hili likitetewa kwa jina la lile.

Nataka kuupima ubishi huo mahali pamoja: Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina, Othaya na Nanyuki hadi Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Eneo hili linafaa kwa sababu halimpi yeyote ushindi wa bure. Lina wakulima wa chai na kahawa, watumishi wa umma, wafanyabiashara na vyuo vikuu, kwa hiyo wanaoweza kununua gari hawakosekani. Lina matatu nyingi kwenye barabara kuu. Na lina mabonde yanayomchosha hata kijana mwenye miguu imara. Hoja yangu ni kwamba hitaji la mtu ni safari, tena safari fulani, saa fulani, akiwa na mzigo fulani. Kumiliki gari ni njia mojawapo ya kuilipia safari hiyo, na kwa kawaida ndiyo njia ghali kuliko zote. Pale umiliki unapokuwa njia ya pekee, yafaa tuulize nani alizifunga njia nyingine, maana mara nyingi tutakuta zimefungwa na uamuzi wetu wenyewe au na uzembe wa serikali.

Tuanze na hesabu, kwani ukiona vyaelea vimeundwa, na wenye magari wengi huhesabu mafuta wakasahau mengine yote. Magari mengi yanayoingia mikononi mwa Wakenya wa kawaida ni mitumba kutoka Japani, yenye umri usiozidi miaka 8 yanapoingizwa nchini. Juu ya bei ya kununulia hupandishwa ushuru wa forodha, ambao mwaka 2023 ulifikishwa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, kila kodi ikikokotolewa juu ya jumla iliyokwisha kuvimbishwa na kodi iliyotangulia. Chukua mfano wa mfanyakazi anayeishi Karatina na kufanya kazi mjini Nyeri, aliyenunua gari dogo kwa shilingi milioni 1.5 taslimu. Tuseme baada ya miaka 5 ataliuza kwa nusu ya bei hiyo. Thamani itakuwa imeshuka kwa shilingi 12,500 kila mwezi. Bima kamili tuiweke asilimia 4 ya bei, yaani 5,000 kwa mwezi. Matengenezo, magurudumu na maegesho tuyatengee 5,000 nyingine. Kwenda na kurudi tukadirie kilomita 50. Kwa siku 22 za kazi zinakuwa kilomita 1,100. Gari likienda kilomita 12 kwa lita, na petroli ikiwa shilingi 180, mafuta yanafika 16,500. Jumla ni shilingi 39,000 kwa mwezi. Abiria wa matatu, hata tukimtoza shilingi 150 kila upande, analipa 6,600.

Msomaji ana ruhusa ya kubadilisha tarakimu hizi apendavyo. Atapunguza pengo, hatalifuta. Kwa mfano wetu, tofauti ya shilingi 32,400 kwa mwezi inafika karibu shilingi milioni 1.94 kwa miaka 5, na hapo hatujagusa riba. Wengi hawanunui taslimu. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha riba yake ya msingi asilimia 13, mikopo ya benki ikawa juu zaidi ya hapo, na anayekopa kwa dhamana ya cheti cha umiliki wa gari mara nyingi hutozwa riba inayohesabiwa kwa mwezi. Hata tukisema gari limekwisha kulipiwa na tuhesabu mafuta tu, mwenye gari anatumia shilingi 750 kwa siku pale abiria anapotumia 300. Lakini hesabu hiyo hiyo hugeuka viti vikijaa. Wakiwa wawili, kila mmoja anachangia 375. Wakiwa watatu, 250, na matatu imeshindwa. Ndiyo sababu familia ya watu wanne inayotoka Nairobi kwenda ushago Nyeri, mwendo wa kilomita 150 hivi, haipotezi kitu kikubwa kwa kuwasha gari ambalo tayari lipo. Gari lililojaa ni rahisi. Gari la mtu mmoja anayekwenda kazini ndilo linalokula mshahara.

Abiria huyu anayelipa 6,600 anapata nini? Kwenye barabara kuu anapata huduma ya kutosha. Vyama vya matatu kama 2NK na 4NTE husafirisha watu kati ya Nairobi, Nyeri na miji jirani kutwa nzima. Utaratibu uliopo haukuota wenyewe. Ulianza kwa kanuni za Februari 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo na mwana wa Murang'a, zilizoleta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano na sare za wahudumu. Baadaye wenye matatu wakatakiwa kujiunga na vyama vya ushirika, yaani Sacco. Barabara nazo zimeboreshwa: ile ya Thika ilikamilika mwaka 2012, na mradi wa kilomita 84 kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua unaipeleka barabara pana hadi ndani ya Kaunti ya Nyeri. Kwa anayeishi na kufanya kazi kando ya njia hii, ni vigumu kudai kwamba hawezi kuishi bila gari. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Nyeri ilikuwa na watu 759,164, na kote nchini kaya zenye gari zilikuwa chini ya moja katika kila kumi. Walio wengi huenda kazini, sokoni na kanisani bila gari lao wenyewe. Hata hivyo, kuishi bila kitu hakuthibitishi kwamba kitu hicho hakihitajiki. Wapo wanaoishi bila maji safi pia. Kwa hiyo tuangalie walio wengi wanakosa nini.

Wanachokosa kinaonekana ukiiacha lami kuu. Vigongo vya Aberdare na vya Mlima Kenya huteremka vikiwa vimetengana kama vidole vya mkono, na kati ya kigongo na kigongo kuna bonde la mto. Barabara nyingi hufuata mgongo wa kigongo, kutoka upande wa msitu kushuka mjini, na matatu hufuata barabara. Mwalimu anayeishi kigongo kimoja cha Tetu au Othaya na kufundisha kigongo cha pili, katika shule anayoiona kwa macho ng'ambo ya bonde, hulazimika kushuka hadi njia panda, kubadilisha gari, kisha kupanda tena. Pengo hilo limejazwa na boda boda, hasa baada ya serikali kuondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, na limejazwa na Probox, gari lililoundwa kubeba mizigo ambalo huku limekuwa teksi ya kijiji. Barabara za Mau Mau, mradi wa takriban kilomita 540 katika Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, zilikusudiwa kufungua baadhi ya sehemu hizi. Lakini lami peke yake haibebi mtu. Kijiji kikipata lami bila gari la abiria lenye saa inayojulikana, mwenye gari binafsi amerahisishiwa maisha na asiye nalo amepunguziwa vumbi tu.

Baada ya mahali, kuna saa. Jua likizama magari ya vijijini hupungua, na baada ya hapo msafiri yuko mikononi mwa boda boda na bahati. Mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku wa manane mbali na hospitali ya rufaa ya Nyeri au Hospitali ya Mwai Kibaki iliyoko Othaya, nesi anayetoka zamu usiku, mwenye duka anayefunga saa tatu: hawa hawabishani juu ya anasa. Wanawake wana sababu ya ziada. Maandamano ya Novemba 2014 jijini Nairobi, yaliyofuata visa vya wanawake kuvuliwa nguo hadharani kwenye vituo vya matatu, yalitangaza jambo ambalo abiria wa kike walilijua siku nyingi. Na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hana pa kukaa katika matatu ya viti 14, saa yoyote. Kwa watu hawa nakubali bila masharti kwamba usafiri wa uhakika ni hitaji, na pasipo usafiri huo, gari lao wenyewe ni hitaji.

Ila hata hapa tutenganishe dharura na mazoea. Wanunuzi wengi wa magari hutaja usiku wa ugonjwa kuwa sababu, na usiku huo huja mara chache kwa mwaka. Katika mfano wetu, kushuka kwa thamani na bima peke yake ni shilingi 17,500 kwa mwezi, yaani 210,000 kwa mwaka, kabla gari halijanywa tone la petroli. Fedha hizo zinaweza kulipia teksi ya shilingi 3,000 mara 70. Anayeogopa usiku mmoja wa dharura atalindwa vizuri zaidi na namba ya simu ya dereva wa kuaminika na akiba kidogo kuliko na gari lililofunikwa turubai uani. Nesi wa zamu ana shida tofauti, kwani safari yake ya usiku hurudi kila juma. Lakini shida hiyo ni ya mwajiri aliyepanga zamu bila kupanga namna mtu atakavyofika nyumbani, na si haki ilipwe na mfuko wa nesi.

Kisha kuna mzigo, na hapa ndipo watetezi wa gari huamini wana hoja isiyojibika: eneo la kilimo linahitaji magari. Ni kweli, lakini tazama ni magari ya nani. Majani ya chai huharibika yasipofika kiwandani ndani ya saa chache. Mkulima mdogo anayepeleka chai kwa viwanda vya Ragati, Gathuthi, Chinga au Iria-ini hakuhitaji kununua lori. Anabeba majani hadi kituo cha kununulia, na lori la kiwanda, chini ya mfumo wa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, huyachukua. Tunda la kahawa nalo lapasa kumenywa siku linapochumwa, na hufika kwenye kiwanda cha ushirika kwa mgongo, kwa mkokoteni wa punda au kwa pikipiki. Wafugaji wa Mukurwe-ini walijenga kampuni yao ya maziwa kwa kukusanya maziwa ya wengi katika magari machache. Bidhaa zinazodai haraka kuliko zote milimani zimesafirishwa miaka mingi kwa ushirika, wakulima wengi wakiwa hawana gari. Hilo ni jibu lililokwisha kujaribiwa, na la kushangaza ni kwamba tulilitumia kwa majani ya chai tukashindwa kulitumia kwa watu wanaoyachuma.

Pasipo ushirika, gari la kazi hujilipia lenyewe. Mchuuzi anayenunua kabichi na viazi mashambani kupeleka soko la Karatina, au anayewahisha miraa ya Maua kabla haijanyauka, anatumia pikapu kama mtaji, na mtaji huo huhukumiwa kwa faida yake. Mwakilishi wa mauzo anayezunguka Kutus, Kerugoya, Embu na Chuka kwa siku moja yuko katika kundi hilo hilo. Kosa ni kuchukua uhalali wa pikapu ya mchuuzi na kumvika mtu anayeendesha kilomita tatu kutoka King'ong'o hadi ofisini katikati ya Nyeri, kisha kuliacha gari juani hadi saa kumi na moja. Miji hii ni midogo na imebanana. Sehemu kubwa ya shughuli za Nyeri, Karatina au Embu iko katika mwendo wa miguu kutoka stejini. Gari hapo halimfikishi mtu mbali. Kazi yake kubwa ni kutafuta pa kuegeshwa.

Kwa nini basi huyu wa King'ong'o analinunua? Kwa sehemu kubwa ni heshima, na heshima ina historia. Baridi kali iliyounguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na malipo ya 1976 na 1977 yakawatajirisha wakulima wengi wa milimani; gari mlangoni likawa ushahidi kwamba shamba limejibu. Tangu hapo kipimo hicho hakijabadilika sana. Msafara wa magari bado hupamba ruracio, sherehe ya mahari, na mzee wa kanisa akija na gari hutengewa nafasi mbele ya lango. Serikali yenyewe imekiidhinisha kipimo hicho: Februari 2021 Tume ya Mishahara na Marupurupu ilikubali mkopo wa gari wa wawakilishi wadi ugeuzwe ruzuku ya shilingi milioni 2 kwa kila mmoja. Watu waliopewa jukumu la kusimamia usafiri wa kaunti waliondolewa kwenye matatu kwa fedha za umma. Heshima ni sababu halali ya mtu mzima kutumia pesa yake. Namwomba tu aiite heshima, asiipakie jina la dharura.

Sababu ya pili iko kwenye ardhi. Kwa miaka mingi sasa viwanja vimekatwa na kutangazwa kwa kishindo kwenye nyanda za Nanyuki, Naro Moru, Mweiga, Chaka na Kiganjo. Bei huvutia kwa sababu kiwanja kiko mbali na lami, maji na steji. Mnunuzi hufurahia laki kadhaa alizookoa, hujenga, kisha hugundua kwamba mke anahitaji kufika kazini, watoto shuleni na mtungi wa gesi nyumbani. Siku hiyo gari linaitwa hitaji, na kweli limekuwa hitaji, lakini lilichaguliwa siku ya kununua kiwanja. Shilingi 32,400 za kila mwezi tulizozihesabu zingelipa sehemu kubwa ya kiwanja kilicho karibu na barabara. Anayetafuta ardhi na aongeze gharama ya gari kwenye bei ya kiwanja. Huenda kile cha bei nafuu kikawa ndicho cha bei kubwa.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu linahusu usalama. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliripoti vifo 4,324 barabarani mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024, na hakuna abiria asiyemjua dereva anayepita magari mengine kwenye kona. Mwenye gari anasema: afadhali usukani uwe mikononi mwangu. Ninamwelewa. Lakini watembea kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi, na waendesha pikipiki wanawafuata kwa karibu; wote hao hugongwa pia na magari binafsi. Ukiwatoa abiria 14 kwenye matatu moja ukawapa magari 14, umeongeza madereva 13 kwenye lami hiyo hiyo, wengine wakiwa wamechoka, wengine wamekunywa. Dereva mzembe wa matatu ana leseni na Sacco, na vyote viwili vinaweza kusimamishwa. Kanuni za 2004 zilionyesha kwamba serikali ikiamua, matatu hubadilika kwa miezi michache. Zililegea kwa sababu waliopaswa kuzisimamia walilegea.

Pingamizi jingine ni uhuru na muda: gari halikungoji lijaze abiria. Hilo ni kweli, na ni faida kubwa. Mwenye kipato kinachozidi mahitaji yake anayo haki ya kuinunua. Tujifunze hata hivyo kwa nchi magari yetu yanakotoka. Japani, anayeishi mjini hawezi kusajili gari bila kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha, na ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara huwafanya wengi wayauze mapema. Hivyo ndivyo yanavyotufikia yakiwa bado na nguvu. Kaya za Tokyo zina magari machache kuliko za mikoa mingine, kwa kuwa treni zipo. Kaya za mikoa ya mashambani kama Fukui zina magari mengi, kwa kuwa treni ni chache. Wajapani wa Fukui hawawazidi wale wa Tokyo kwa utajiri wala kwa majivuno. Wanachotofautiana ni huduma iliyo mbele ya nyumba zao, na huduma hiyo ndiyo inayoamua gari litakuwa hitaji au hiari.

Sisi tunayo sheria inayosema nani aiweke huduma hiyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya uchukuzi wa kaunti, na linataja kwa jina usafiri wa umma wa barabarani pamoja na barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho. Tangu 2013 kaunti zimejishughulisha kwa bidii na maegesho, kwa sababu yana ada, na barabara, kwa sababu zina utepe wa kukatwa. Usafiri wa watu umeachiwa Sacco, ambazo kwa haki kabisa hufuata abiria walipo wengi na saa walipo wengi. Serikali kuu nayo inakusanya kila lita ya mafuta: Tozo ya Ukarabati wa Barabara ilipanda Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Mfanyakazi wetu wa Karatina analipa tozo hiyo karibu shilingi 2,300 kwa mwezi, na abiria wa matatu anailipa ndani ya nauli. Yote huenda kwenye barabara. Hakuna inayonunua kiti kwenye gari la saa mbili usiku. Reli ya Nanyuki, iliyofufuliwa Desemba 2020, inapita Kiganjo pasipo kufika mjini Nyeri, na safari zake ni chache kiasi kwamba haiwezi kumsaidia mtu wa kwenda kazini kila siku.

Kazi inayotakiwa haihitaji mabilioni. Kaunti inaweza kuingia mkataba na Sacco zilizopo ili gari moja liondoke mjini kwa kila kigongo kikubwa saa mbili na saa tatu usiku, lijae lisijae, na kulipia viti vitupu kwa sehemu ndogo ya ada za maegesho. Inaweza kudai kwamba kila Sacco iwe na angalau gari moja linalomwezesha mtu wa kiti cha magurudumu kupanda. Inaweza kuweka njia ya mzunguko inayounganisha kigongo na kigongo siku za shule na siku za soko. Kituo kama cha Field Marshal Muhoya mjini Nyeri ni mwanzo mzuri, lakini kituo bila ratiba ni uwanja wa kusubiria. Hospitali na vyuo, Dedan Kimathi na Karatina vikiwemo, vinaweza kupanga magari ya zamu kwa pamoja na kugawana gharama, kama viwanda vya chai vinavyogawana lori.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa mchuuzi wa soko, mwakilishi wa mauzo na mtu mwenye ulemavu asiyeweza kupanda matatu, gari ni hitaji, na kodi ya thamani ya mwaka 2024 ingewaonea. Kwa mkazi wa kando ya lami anayekwenda kazini peke yake, gari ni chaguo, tena chaguo la shilingi elfu thelathini na zaidi kwa mwezi. Alifanye kwa moyo mkunjufu, lakini asikopee. Kwa wale walio katikati, wa kigongo cha mbali na wa zamu ya usiku, gari ni kodi wanayojitoza kwa kazi ambayo kaunti ilikabidhiwa na Katiba na haikuifanya. Mwakilishi wadi atakapokuja tena kuomba kura, usimuulize barabara itawekwa lami lini pekee. Muulize gari la mwisho la kwenda kijijini kwenu linaondoka mjini saa ngapi, na nani anawajibika lisipoondoka.